Idd ya Alhamisi

Mwanangu Mahmood hakuomba jeshi. Naanza hapo kwa sababu hapa mtaani kwetu Malindi kila mtu ana lake la kusema. Wakimwona leo kule Kibarani, Kilifi, amekaa kwenye kigoda anachomelea madirisha, mguu mmoja wake na mmoja wa bandia, wanasema huyo alikuwa na uchu wa bunduki tangu utoto. Wengine wanasema marehemu babake aliwahonga wakubwa wamchukue. Babake gani jamani? Mume wangu alikuwa akiuza misumari na rangi, na mkubwa aliyewahi kumjua ni askari wa kanjo aliyekuja kumdai leseni. Wacheni uzushi. Mwanangu aliingia jeshini kwa kumshikia mtu foleni.

Alikuwa na miaka ishirini na moja, amemaliza shule, hana kazi, yuko pale ukumbini miguu juu ya kiti. Nikasikia kuna hoteli Kikambala inatafuta vijana wa mapokezi. Nikampigia pasi shati, nikamtilia vyeti vyake vyote kwenye bahasha ya kaki, nikamwambia haya, toka. Alipofika Kilifi akashuka kwenda kumsalimu rafiki yake Nzai, mtoto wa Kaloleni waliyesoma pamoja bwenini. Sasa huyo Nzai ndiye aliyelitaka jeshi. Mwaka mzima alikuwa akipanda na kushuka vilima vya kwao alfajiri, hali sukari, hanywi mnazi hata wa harusini, na kule kwao kijana akikataa mnazi wa harusini wazee wanamtazama kwa jicho la pili. Siku hiyo ilikuwa ndiyo siku ya kuandikishwa, uwanjani, na Nzai yumo kwenye foleni tangu usiku haujaisha. Akapekua mfuko wake, akaona hana kopi ya kitambulisho.

Akamwambia Mahmood, "Nishikie hapa dakika kumi, nikatoe kopi nirudi."

Mahmood akashika. Nzai hajarudi, afisa akaja akihesabu vichwa, akanyoosha mkono wake nyuma tu ya Mahmood, akasema, "Hapa mwisho. Fungeni lango." Nzai alirudi anahema, kopi mkononi, akakuta lango limeshafungwa. Mahmood akataka kutoka ampishe mwenzake. Afisa akamwambia, "Ukitoka umetoka, na nafasi yako haipewi mtu." Ndipo Nzai mwenyewe akapiga kelele kutoka nje ya seng'enge: "Kaa hapo hapo, mjinga wewe! Tusikose sote wawili!"

Basi akakaa. Wakampima urefu, wakamfunua mdomo wakamhesabu meno, wakamkimbiza na vile viatu vyake vya kwenda mapokezi. Bahasha ya Kikambala ikawa ndiyo bahasha ya jeshi. Jioni akanipigia simu: "Mama, nimechukuliwa." Mimi nikadhani ametekwa nyara! Nilipiga ukelele nyumba ikajaa majirani, na mmoja alikuja na mchi.

Wazee walisema riziki kama ajali, huitambui ijapo. Mwanangu zote mbili zilimjia Kilifi, na zote mbili Nzai alikuwapo.

Sikutaka aende. Nilimwambia wazi, nimekuzaa peke yako, baada ya mimba tatu zilizoharibika, sikukuzaa uende ukatetee mpaka. Akacheka. Alisema, "Mama, kuna bima. Tukiumia kazini, au njiani tukienda na kurudi kwa ruhusa, bima inalipa." Nikamwambia bima haitanizalia mwingine. Akaenda hivyo hivyo, na miaka minane mimi sikulala usingizi wa kushiba. Simu nalala nayo kifuani. Akipelekwa kule mpakani nafagia ua mara nne kwa siku, na ua wenyewe mkeka mmoja unautosha. Alipomuoa Rayhana nilifurahi kwa sababu mbili: msichana ana adabu, na sasa tulikuwa wawili wa kuitazama ile simu.

Hebu sasa niwaeleze habari ya mwezi, maana bila mwezi hamtaelewa kitu.

Babangu, Mungu amrehemu, alikuwa akiutafuta mwezi wa Ramadhani na wa Idd juu ya dari ya nyumba hii hii. Wageni hufikiri mwezi hutafutwa baharini. Mwezi mwandamo unakotafutwa ni upande wa bara, jua linapozama, na kwetu ni juu ya minazi ya kwa Abdurahman, siku hizi karibu na ule mlingoti wa simu. Babangu alikuwa na neno lake: "Nyumba hii haifungui kwa redio." Alipokufa, macho yalibaki kwangu. Mji una watu wa kila namna, wako wanaofuata tangazo na wako wanaofuata Saudia, na mimi sina ugomvi na mtu. Lakini nyumba yangu, na nyumba tatu za jirani, husubiri mimi nishuke ngazi. "Mwanatumu kauona?" Hivyo ndivyo wanavyoulizana. Ni heshima hiyo, nisiseme uongo, nami nikiipenda.

Mwaka juzi Mahmood akapata ruhusa ya Idd. Karani wa kambini kwao hakuandika tarehe, kwani nani aijuaye kabla mwezi haujaonekana? Aliandika hivi, karatasi ninayo mpaka leo: ruhusa ni tangu saumu ya ishirini na tisa mpaka siku ya Idd na siku moja baada yake, na siku ya tatu ya Idd aripoti kabla ya saa kumi na mbili jioni. Mahmood akafika hapa Jumanne mchana, saumu ya ishirini na tisa. Mawingu tele. Jioni nikapanda juu peke yangu, Rayhana yuko chini anatayarisha futari. Redio ilikuja ikatangaza Idd kesho, na nusu ya mji ikashangilia. Lakini mimi nilikuwa nimeshashuka nikasema, "Sijauona. Kesho tunafunga, tunakamilisha thelathini."

Hakuna aliyenibishia. Jumatano tukafunga. Alhamisi ikawa Idd yetu. Ijumaa ikawa siku ya pili, na Jumamosi ndiyo ya kurudi.

Ile Ijumaa nitawaambia, hata mkichoka kusikia. Asubuhi alitengeneza bomba la uani lililokuwa likivuja tangu mfungo mosi wa mwaka uliopita. Akaenda kuswali Ijumaa, akarudi na madafu sita, akatuchongea mwenyewe. Akala pilau sahani mbili, akaniambia chumvi imezidi, nikamwambia kapikiwe na jenerali wako. Alasiri akalala mkekani kichwa kiko karibu na goti langu, nami nikawa nafukuza nzi kwa upindo wa leso. Rayhana alikuwa na mimba changa, hata haijatokeza. Akatutazama akasema, "Kama mtoto mdogo." Nikamwambia ni mtoto mdogo.

Jumamosi asubuhi nikampa mkebe wa visheti ampelekee Nzai, ambaye alikuwa amefungua karakana yake Kibarani. Mahmood akashuka pale barabarani Kilifi, akamkabidhi mkebe, wakawa wanacheka. Lori la kokoto likakatika breki. Ilikuwa saa nne. Nzai alipigwa kikumbo na lori akaanguka upande huu, mwanangu upande ule. Nzai alivua shati akamfunga mguu, akambeba mgongoni mpaka kwenye gari, na daktari alisema asingefanya vile tungekuwa tunasoma hitima. Mguu wa kushoto ulikatwa chini ya goti.

Wakubwa wake walimtibu vizuri, sina lawama. Hata ile habari ya kuchelewa siku moja, mkubwa wake alisema Idd ya mtu anaijua mwenyewe. Wakamstaafisha kwa barua ya shukrani, akarudi nyumbani kwa magongo. Mguu wa bandia aliopewa ulikuwa ukimchubua hadi damu, na daktari akasema upo mwingine, mzuri, wa kupimiwa, mtu anautumia mpaka anasahau, ila huo ni mpaka bima ilipe. Na Rayhana tumbo sasa linaonekana. Kila kitu ndani ya nyumba kikawa kinaingoja bima.

Bima ikajibu hailipi. Ilisema sikukuu ilitangazwa Jumatano. Ruhusa yake iliishia Alhamisi, Ijumaa jioni alitakiwa kambini, na Jumamosi saa nne alikuwa mtoro tu aliyesimama kando ya barabara. Asiye na ruhusa hana bima. Mahmood akaandika kwamba kwetu Idd ilikuwa Alhamisi, karatasi haikutaja tarehe. Wakarudisha neno: tutamtuma mtu asikilize shahidi. Ikiwa nyumba yenu kweli iliungoja mwezi, ruhusa inasimama.

Nzai akafurahi, akanipigia simu. "Mama, shahidi si ni wewe! Useme tu ulivyosema siku ile."

Nikamwambia haya.

Na sasa niseme, maana nimeshafika hapa na hakuna pa kugeukia. Jumanne ile niliuona.

Mawingu yalipasuka kidogo, kushoto kwa mlingoti, na mwezi ukawa pale, mwembamba, kwa muda wa kusoma Fatiha mara tatu. Niliinua mikono niombe dua. Kisha nikapiga hesabu. Nikisema nimeuona, mwanangu anaondoka Ijumaa. Nikinyamaza, anaondoka Jumamosi. Hesabu yenyewe ni hiyo tu. Nikashusha mikono. Mawingu yakafunga, nami nikashuka ngazi nikasema niliyoyasema, na nikawafungisha watu siku ya Idd, na kufunga siku ya Idd ni haramu, mtoto wa chuoni analijua hilo. Nyumba yangu na nyumba tatu za jirani. Astaghfirullahi. Njia ya mwongo fupi, na yangu ilikuwa ya kutoka hapa mpaka Kibarani.

Hizo wiki mbili za kumsubiri huyo mtu wa bima sikuwa na pa kukaa. Nikikaa nasimama. Mchele nauchagua, nikimaliza nauchagua tena. Nilifunga siku tatu, nikalisha maskini, na moyo hautulii. Usiku namsikia Mahmood akigonga magongo kwenda msalani, na kila gongo likigusa sakafu linanigusa mimi. Nikawa najifunza neno moja, hata jikoni: sikuuona, sikuuona, sikuuona. Rayhana akaniuliza, "Mama, unasoma nyiradi gani?"

Mtu wa bima alikuwa msichana, jina lake Vivian, viatu amevivua mlangoni bila kuambiwa. "Shikamoo mama." Nikamwitikia marahaba. Nikasema moyoni, laiti angekuja mjeuri. Tukakaa ukumbini: yeye na karatasi zake, Mahmood juu ya kochi na magongo kando, Rayhana, na Nzai aliyekuja kutoa ushahidi wa ajali. Nzai alisema yake haraka. Kisha Vivian akanigeukia.

"Mama, jioni ya Jumanne uliutafuta mwezi?"

"Niliutafuta."

"Wapi?"

"Juu. Babangu alipokuwa akiutafuta."

"Uliuona?"

Nzai akanitikisia kichwa, vile mtu anavyomhimiza mtoto aseme shairi lake. Nikafungua mdomo. Wallahi lile neno nililolifanyia mazoezi wiki mbili lilikuwa pale, kwenye ncha ya ulimi. Lakini kusema uongo kwa majirani nilikuwa nimeshasema, nikaona ulivyofanya. Na huyu anaandika.

"Niliuona," nikasema.

"Mama!" Nzai akaruka.

"Nyamaza wewe! Niliuona, nimesema. Niliuona kwa macho yangu haya mawili, nikauficha. Nilitaka mwanangu akae siku moja zaidi. Hakuna mwezi mwingine, hakuna Idd mbili. Uongo ni wangu. Kama kuna mtoro katika nyumba hii ni mimi, niandike mimi, nikamate mimi!" Nilikuwa nimesimama, sijui nilisimama saa ngapi. Rayhana amefunika uso kwa mtandio. Sikuthubutu kumtazama mwanangu.

Vivian hakuandika kitu. Alikaa akiichezea kalamu, kisha akauliza polepole, "Na Mahmood alijua?"

"Ajue wapi? Nilimdanganya kama nilivyowadanganya wote!"

"Basi ngoja kwanza, mama. Keti." Akafungua karatasi nyingine, akaipitia kwa kidole. "Kama hakujua, kwake yeye Idd ilikuwa Alhamisi. Aliyekosa ni wewe, yeye hana kosa. Aliifuata karatasi yake kwa nia njema. Hapo ruhusa inasimama. Naweza kuandika hivyo, na watakubali."

Nikaketi. Rayhana akasema alhamdulillahi, alhamdulillahi, na Nzai akaanza kucheka kwa sauti, anajipiga paja. Yaani ukweli ndio umemwokoa! Ningesema uongo labda wangenichimba mpaka wanikamate. Nilitaka nimbusu yule msichana.

Vivian akamgeukia Mahmood. "Neno moja tu kutoka kwako, kisha nimalize. Ulijua?"

Mahmood alikuwa akiangalia pale mguu wake wa suruali ulipokunjwa.

"Nilijua," akasema.

Kalamu ya Vivian ilikuwa juu ya karatasi, na haikushuka. "Sikukusikia vizuri," akasema, na alikuwa amesikia vizuri sana, sote tulijua. "Hebu rudia."

"Nilijua. Nilipanda kumwita mama kwa futari. Nilifika kwenye vidato vya juu nikamwona ameinua mikono, na juu ya kichwa chake nikauona mwezi. Nikataka kumwambia mama, hongera. Kisha nikamwona anashusha mikono." Akaukunja upya ule mguu wa suruali. "Nikajua anataka nini. Na mimi nilikuwa nimechoka, dada. Nilikuwa nimetoka mpakani. Ile siku niliitaka kama yeye alivyoitaka. Nikashuka polepole asinisikie."

Basi Vivian akaandika. Aliandika muda mrefu, akampa Mahmood aweke sahihi, akakusanya karatasi zake, akaniambia kwa heri mama bila kunitazama. Chai yake alikuwa ameinywa nusu. Nzai alimfuata hadi nje, nikamsikia akibembeleza, kisha nikasikia gari likiondoka. Barua ya kukataa ilikuja mwezi uliofuata, lakini sisi tulikuwa tumeshaisoma siku ile. Na ni Nzai aliyekuja akasema, nafasi iko karakanani, kazi ya kukaa, foleni hakuna. Ndiyo kazi mnayomwona nayo, na ule mguu wa bandia ni ule ule unaomchubua.

Lakini siku ile, Nzai akiwa bado nje na Rayhana amekimbilia chumbani kulia, mimi nilimgeukia mwanangu kwa hasira ambayo sijawahi kuwa nayo. Nilimtukana. Nilimwambia mpumbavu, umezaliwa na nani wewe? Mtoto anakuja, mguu huna, msichana wa watu amekupa mlango wazi, amekurudishia na swali mara ya pili! Neno moja tu, sikujua, nani angekuuliza? Mimi nimejivua nguo mbele za watu kwa ajili yako! "Ulishindwa nini kunyamaza, Mahmood? Ulishindwa nini?"

Aliningoja mpaka nikaishiwa pumzi.

"Nilishanyamaza mara moja, mama," akasema. "Pale ngazini."

Kisha akaniomba nimsogezee magongo, nikamsogezea.